Mkono wa Kwanza Umekaa na Nani

2 Machi

Mvua za masika zimeanza leo. Bati la maabara lilipiga kelele mpaka Fundi, anayetutengenezea mitambo, akaja kunisemesha kwa mikono kama bubu, nami nikamjibu kwa mikono, tukacheka. Nimejiapiza kuandika msimu huu wote, hata kama ni mstari mmoja kwa siku. Mvua zikifika katikati idara inakaa kikao, na kikao hicho ndicho kitakachoamua kama Chiriku anaendelea na shahada yake ya uzamivu au anafungasha. Muda wake uliisha, akaongezewa, na nyongeza nayo imefika ukingoni.

Chiriku ni binti wa mdogo wangu, kwa hiyo ni mwanangu. Jina hilo alilipata angali mdogo kwa sababu ya mdomo. Huyu mtoto huongea hata akipiga mswaki. Tunakaa nyumba moja wanawake watatu: mdogo wangu na cherehani yake chumba cha mbele, mimi na Chiriku tunaorudi jioni tukinuka dawa. Kwenye karatasi msimamizi wake ni Profesa, mkuu wa idara. Lakini maabara ni yangu, na kila mtu anajua anayemfundisha ni nani.

3 Machi

Mezani leo mdogo wangu ametuuliza, "Hivi hicho mnachokitafuta miaka nenda rudi ni kitu gani hasa?"

Nikachomoa uzi kwenye kikapu chake. Nikamwambia, RNA, ile inayobeba maagizo ndani ya chembe hai, ni uzi kama huu, mmoja tu, ila haupendi kulala umenyooka. Unajikunja, na pale vipande vyake viwili vinapopatana vinashikana na kujisokota. Basi uzi wetu sisi una misokoto minne, yote inakutana mahali pamoja, kama barabara kwenye njia panda. Tunaiita mikono. Na mkono hautaki kubaki na kichwa hewani. Hutafuta mwenzake, wakakaa kichwa kwa kichwa, mmoja juu ya mwingine, mpaka ukiwatazama unadhani ni msokoto mmoja mrefu. Mikono minne inatoa jozi mbili. Sasa swali ni hili: mkono wa kwanza umekaa na wa nne, au umekaa na wa pili?

"Kumbe ni umbeya tu," mdogo wangu akasema. "Nani kakaa na nani."

Chiriku alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nikasema jibu linajulikana: wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu. Nililipata mimi, likachapishwa, na wengi wamelisoma. Chiriku kazi yake ni kuonyesha kwamba hali ni hiyo hiyo hata tukiweka chumvi za kutosha, hasa magnesiamu, kama zilivyo ndani ya chembe hai. Ni kazi ya kumalizia tu. Ndiyo maana nilimpa, ili asihangaike.

6 Machi

Mvua. Umeme umekatika asubuhi, haujarudi. Tumekaa tukipiga soga na Fundi.

9 Machi

Chiriku ameingia ofisini mbio, picha ya jeli mkononi. "Mama Mkubwa, wako wawili!"

Nikamkumbusha kwamba kazini mimi ni Daktari. Nikaichukua picha. Jeli yetu ni kitu laini kama uji ulioganda. Tunaizamisha kwenye maji ya dawa na chumvi, ambayo sisi tunayaita bafa, kisha umeme unazivuta RNA zipite ndani yake. Aliyejikunja vizuri anapita haraka, aliyetanua mikono anachelewa. Kama umbo ni moja utaona mstari mmoja. Yeye aliona miwili, yote imekoza.

"Uchafu," nikamwambia.

"Nimerudia mara mbili, Daktari."

"Basi ni uchafu wa mara mbili. Jasho la mkono linatafuna RNA, hilo unalijua. Badili glavu. Na ukitoka hapa ukaoge."

Fundi alikuwa mlangoni, akacheka. Chiriku naye akacheka kidogo. Nilisema kwa utani.

12 Machi

Mistari miwili tena. Nimemwambia atupe kila kitu, aanze upya.

13 Machi

Fundi amenitonya. "Daktari, usinikasirikie, lakini huko juu wanasema maabara hii imekuwa ya ukoo. Wanasema binti hata akileta picha ya paka, atapita."

Nimejifanya sikusikia. Lakini imenichoma. Nimeingia chuo hiki bila kubebwa na mtu, nikiwa mwanamke peke yangu katika ukumbi wa wanaume, na sitaki kufika mwisho nikiitwa mbebaji. Kama ni kupita, atapita kwa kipimo kizito kuliko cha wenzake, na hapo tutaona nani atafungua mdomo.

17 Machi

Siku ndefu. Chiriku ametengeneza kila kitu upya, RNA mpya, jeli mpya, bafa mpya, akapitisha ndani ya chumba cha baridi. Mistari miwili. Kisha akafanya jambo ambalo sikumtuma. Aliukata mstari wa juu peke yake, akaitoa RNA iliyomo, akaiacha ipate joto, akaipitisha tena. Ikatoa miwili. Akaukata wa chini, hivyo hivyo. Ukatoa miwili.

Alinieleza amesimama, mikono inamtembea. "Uchafu hauwezi kuzaa mwenzake, Daktari. Ukitenga mchele na mawe, mchele hauzai mawe. Huyu ni mmoja, anabadilisha wa kukaa naye. Mara mkono wa kwanza uko na wa nne, kama ulivyosema wewe. Mara umehama, umekaa na wa pili. Kwenye baridi wanahama polepole ndiyo maana tunawaona. Wewe hukukosea, uliona nusu tu."

Hoja ilikuwa nzuri. Naiandika hapa kwa sababu kule sikuisema. Nilisikia lile neno "nusu", na yale maneno ya Fundi yakanirudia, nikamwambia kama mkono mchafu umeugusa mstari wa juu na ukaugusa wa chini, kwa nini isitoke miwili pande zote?

Akanitazama. "Mikono yangu?"

"Ya nani mwingine?"

Akaokota picha zake moja moja mezani.

20 Machi

Mvua. Madarasa mawili. Chiriku amerudi nyumbani peke yake, hakunisubiri.

24 Machi

Leo Profesa ameshuka mwenyewe. Ni mtu wa maneno machache, kila sentensi anaikunja kama leso. "Sitaki hadithi," akasema. "Nionyesheni jeli moja mbele ya macho yangu. Mstari mmoja au miwili."

Nikasema nitaifanya mimi, kwa mkono wangu, ili lisibaki neno. Chiriku akasogea kunisaidia. Nikamwambia, "Wewe leo kaa pale karibu na friji. Usishike hata glasi." Chupa yake ya bafa niliimwaga kwenye sinki, sikutaka kitu alichochanganya yeye. Nikachanganya yangu: nikashusha ile chupa ya dawa nzito ya bafa iliyo tayari kwenye rafu ya juu, nikaipunguza kwa maji, nikatia magnesiamu kipimo kile kile cha Chiriku. Kazi hiyo naweza kuifanya nimefumba macho. Vijana wawili wa Profesa walisimama nyuma yangu wanatazama, nami nikiwaeleza kila hatua kwa sauti, kama mpishi anayejua anatazamwa.

Mstari mmoja. Mwembamba, safi, hauna shaka.

Profesa akaitikia kwa kichwa, akapanda zake juu. Chiriku aliishika picha muda mrefu. "Labda," akasema.

"Labda nini?"

"Labda kweli nina mikono michafu."

Nilifurahi. Daftari hili ni langu, kwa hiyo niseme kilichokuwa moyoni: nilifurahi kushinda, na sikuuliza nimemshinda nani.

27 Machi

Mvua. Chiriku hakuongea mezani.

28 Machi

Mvua. Hakuongea.

30 Machi

Mdogo wangu amenikamata jikoni. "Dada, umemfanya nini mtoto? Nyumba imekuwa kama kuna msiba."

"Sijamfanya kitu. Jeli ndiyo imemfanya."

"Jeli haina mdomo."

Nikamwambia asichoelewa akiache. Akaniambia jeli haielewi, lakini mwanawe anamwelewa. Tukaosha vyombo, yeye anaosha, mimi nafuta.

3 Aprili

Paa la korido linavuja. Fundi ameweka ndoo, halafu akaweka nyingine.

11 Aprili

Kikao kimekaa leo. Nataka kuandika yote maana kichwa kinanigonga.

Walikuwa watu saba kwenye meza ndefu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, chumba kikawa na joto la pumzi. Chiriku amevaa gauni la kijivu aliloshonewa na mama yake. Alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Hakulalamika, hakunitaja. Aliweka picha zake, akaeleza mstari wa juu na wa chini, na jinsi kila mmoja ulivyomzaa mwenzake. Mzee mmoja wa kemia aliinama mbele akamsikiliza kwa makini. Kisha Chiriku akasema, "Naijua picha ya Daktari, na siwezi kuieleza. Ninachoomba ni jaribio moja zaidi. Lifanyike mbele ya mtu asiye ndugu yangu. Likitoa mstari mmoja, nitaondoka mwenyewe."

Lilikuwa ombi dogo. Mzee wa kemia akasema yeye haoni ubaya.

Profesa akanigeukia. "Wewe ndiye unayemjua na ndiye uliyefanya jaribio. Unaweza kuitetea kazi hii, angalau kwa hilo jaribio moja?"

Wote wakanitazama, na katika macho yao niliona lile neno la Fundi, ukoo, ukoo. Labda halikuwamo. Labda nililiweka mimi. Nilikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Ningesema ndiyo. Ningesema sijui, apewe nafasi. Hata ningenyamaza, mzee yule angemshika mkono.

Nikasema, "Siwezi kuitetea."

Nilijiona mtu wa haki. Nilijiona nimenyooka kama rula. Mtoto alishukuru, akasema "asanteni" kwa sauti ya kawaida kabisa, akakusanya picha zake, akatoka. Usajili wake umefungwa.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa ameshaambiwa. Cherehani ilikuwa imenyamaza, yeye amekaa mbele yake, mikono mapajani.

"Ulishindwa kusema sijui?"

"Ningesema sijui wangesema nampendelea."

"Na wewe ungekufa?"

Nikaanza kumweleza kuhusu kanuni, kuhusu picha, kuhusu mstari mmoja. Akainua kiganja. "Dada, mimi sijasoma vitu vyenu. Lakini niliwahi kukuletea aibu nikiwa na mimba ya huyu mtoto, na wewe ulisimama mbele ya baba ukasema mwacheni mdogo wangu. Hukuuliza ushahidi." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

14 Aprili

Chiriku ameondoka. Amepata kazi kwenye kiwanda cha maziwa, mji mwingine, kupima maziwa yanayoletwa. Aliniaga kwa adabu zote, akaniambia nijitunze na nisisahau dawa zangu za presha. Mama yake akambebea begi hadi barabarani, wakiwa na mwavuli mmoja. Nilibaki mlangoni kama mpangaji.

19 Aprili

Mvua.

22 Aprili

Mvua. Mdogo wangu ananiwekea chakula changu, kisha anakwenda kula kwenye cherehani.

25 Aprili

Nimepita mara tatu mbele ya meza ya Chiriku pale maabara. Glavu zake mpya bado zimo kwenye boksi. Alizinunua kwa pesa yake baada ya siku ile niliyomwambia akaoge. Nimekaa kwenye kiti chake kidogo, nikaona aibu, nikanyanyuka.

29 Aprili

Nimemkosea mwanangu. Niandike jinsi nilivyojua.

Nilikuwa na darasa la vitendo la mwaka wa kwanza. Somo ni lile lile la kila mwaka: jinsi ya kuhifadhi RNA isitafunwe. Nikashusha chupa ya rafu ya juu, ile ile dawa nzito, nikaiinua wote waione. Nikasema ninachokisema kila mwaka, mdomo unakwenda wenyewe: "Bafa hii tumeitia EDTA. EDTA ni polisi wa madini. Vitu vinavyotafuna RNA vinahitaji madini ili vifanye kazi, kwa hiyo EDTA inayakamata yote. Inapenda magnesiamu hasa. Chembe moja ya EDTA inakamata chembe moja ya magnesiamu, hakuna inayobaki."

Hapo nikanyamaza. Chupa iko juu, mkono umenyooka, wanafunzi wananitazama wakidhani nasubiri jibu.

Siku ile mbele ya Profesa nilishusha chupa hii. Nilitia magnesiamu kipimo kile kile cha Chiriku, ndani ya bafa yenye EDTA kipimo kile kile. Chembe kwa chembe. Ilikamatwa yote. Jaribio langu safi, la mstari mmoja, halikuwa na magnesiamu hata tone. Na bila magnesiamu mikono inakaa vile nilivyoiona zamani, wa kwanza na wa nne, haihami. Chiriku aliijua tabia hiyo ya EDTA. Ndiyo maana bafa yake aliichanganya mwenyewe toka mwanzo, bila EDTA, na ndiyo hiyo niliyoimwaga kwenye sinki nikisema sitaki kitu alichochanganya yeye. Mtu wa mtaani hawezi kukosea hivi, maana haijui hiyo chupa. Ni sisi tu, ambao mikono imezoea rafu ile mpaka macho yameacha kusoma. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekivaa kama koti.

Nikawaambia wanafunzi darasa limekwisha. Nikachanganya bafa upya, nikisoma kila karatasi ya chupa kwa kidole kama mtoto anayejifunza herufi. Nikapitisha RNA ya Chiriku, ile aliyoiacha kwenye friji. Fundi akanikuta nimeinamia picha.

"Mingapi?" akauliza.

"Miwili."

Akavua kofia yake. "Sasa mbona unalia, Daktari? Si ndiyo mmepata?"

30 Aprili

Nimempelekea Profesa picha zote mbili, nikamweleza chupa. Alisikiliza bila kunikatiza, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angenifokea. Kisha akasema kikao hakirudi nyuma. Aliyefungiwa usajili hawezi kufunguliwa. Ila anaweza kuomba upya, aanze toka mwanzo, na yeye Profesa atasimama naye. "Lakini ombi lazima aandike yeye mwenyewe. Wewe huwezi kumwandikia."

Nilipomwambia mdogo wangu, alisimamisha cherehani. "Nyani haoni kundule," akasema, na hakucheka. Nikamwomba ampigie mwanawe. "Sipigi. Nenda ukamwambie kwa mdomo ule ule."

5 Mei

Nimekwenda. Kiwanda kiko nje ya mji, ukumbi wa saruji unaooshwa mchana kutwa, mitungi ya chuma imepangwa ukutani. Chiriku alikuwa sehemu ya kupokelea maziwa, amevaa mabuti ya mpira na kofia ya nailoni. Aliponiona alisimama, akaja akanishika mikono. "Shikamoo, Mama Mkubwa. Nyumbani kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Nimekuja mimi tu."

Akaniomba nisubiri amalizie foleni ya walioleta maziwa. Nikakaa kwenye kreti. Mtu mmoja alikuwa ameleta mtungi. Chiriku akachota kidogo, akachanganya na spiriti kwenye kichupa, akatikisa. Yakaganda vipande vipande, maana yake hayafai. Yule mtu akaanza kuapa kwamba ng'ombe wake ni wazima na amekamua kwa mikono safi. Nilingoja amkatalie. Yeye akachukua mfuniko, akaunusa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mtungi kwa ndani. "Mtungi huu unaoshwa na nini?" Wakazungumza. Wakakuta utando wa zamani chini ya mkunjo wa chuma. Akampa brashi ya kusugulia, akamwambia alete tena kesho.

Akaja kukaa karibu nami. Nikampa picha ya mistari miwili. Nikamwambia habari ya chupa, sikuipunguza.

Mungu anisamehe, kwa dakika chache tulikuwa na raha. Aliinama juu ya picha, kofia ikamvuka, akaanza kuongea kama maji: kumbe chupa ya juu, alitazama kila kitu siku ile isipokuwa hiyo, kutoka pale kwenye friji mgongo wangu ulikuwa umeiziba, na je, nimeona mstari wa chini, ule wa umbo jipya, umekoza zaidi, maana yake mkono wa kwanza unapenda zaidi kukaa na wa pili, na tukipunguza magnesiamu polepole tungeweza kuona pale hasa wanapoanza kuhama. Nami nikamjibu, nikamkatiza, akanikatiza. Nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo tangu mvua ianze.

Nikamwambia, "Rudi. Profesa atasimama nawe. Andika ombi tu."

Akairudisha picha mikononi mwangu taratibu.

"Nianze mwanzo."

"Utamaliza haraka, kazi yote unayo."

"Mama Mkubwa, kukosea chupa ni kitu cha kawaida. Hata mimi ningeweza kukosea." Alikuwa anatazama foleni. "Ungesema kwenye kikao kwamba hujui, ningebaki nakupenda vile vile, hata kama wangenifukuza. Lakini wewe umenilea. Ulinifundisha kunawa kabla sijajua kusoma. Ukasema mikono yangu ni michafu, ukasema mbele za watu, na hukutazama mahali pengine popote. Hapa maziwa yakiharibika tunaanza na mtungi. Aliyeubeba tunamuuliza mwisho."

Nikasema nisamehe. Akasema amenisamehe, na najua ni kweli, maana hana kinyongo huyu mtoto. Akaniomba nimsalimie mama yake, akaitwa, akaenda.

12 Mei

Ujumbe kutoka kwa Chiriku: "Sirudi, Mama Mkubwa. Iandikeni kazi, isipotee. Mistari ni ya kweli hata nisipokuwepo."

Nimeusoma ofisini, nikausoma nyumbani, nikampa mdogo wangu naye akausoma. Akanirudishia simu.

15 Mei

Mvua zinakatika. Nimeandika makala. Jina lake limetangulia, langu la mwisho. Nilifikiri nitajisikia nafuu.

21 Mei

Jua toka asubuhi. Leo nimeieleza kazi hii mbele ya idara nzima, na wageni kutoka chuo jirani. Nilianza na picha yangu ya mstari mmoja, nikawaambia nilivyokosea na chupa gani, na nani alilipia kosa hilo. Kisha nikaonyesha miwili. Nikaonyesha jinsi kila mstari ulivyomzaa mwenzake, jinsi mkono wa kwanza unavyoachana na wa nne ukaenda kukaa na wa pili, kisha ukarudi. Mzee wa kemia akauliza nani aliwaza kuikata mistari na kuipitisha tena, maana hapo ndipo penye akili. Nikamtaja kwa jina lake kamili.

"Yuko humu?" akauliza, akigeuka kutazama viti.

"Hapana. Yuko kazini."

Wakapiga makofi, wengine wakasimama. Profesa akanipa mkono. Nikatembea hadi nyumbani kwa miguu, tope limeanza kukauka, nikamkuta mdogo wangu anashona karibu na dirisha.

"Wamesemaje?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza habari za kazi tangu Aprili.

"Wameipenda. Wamesema ni kazi kubwa."

"Walipiga makofi?"

"Walipiga sana. Nilimtaja, mdogo wangu. Nilitaja jina lake mwanzo na mwisho."

"Sijakuuliza hilo. Nakuuliza aliyesimama pale mbele akapigiwa makofi ni nani."

"Ni mimi."

Akageuza kitambaa, akalinganisha pindo, akashusha sindano. "Haya," akasema. "Chakula kiko mezani, kale."